Kwetu Alianza kwa Kufa

Tanga, Dilora Vansi alianza kwa kufa.
Picha yake ya mwisho ndiyo iliyotutangulia,
ikashuka kwenye treni ya asubuhi, makopo saba ya bati,
kila kopo na chaki ya miji iliyokwisha kuichoka.
Akaanguka ngazini, risasi moja,
kiatu kimoja kikabaki juu, kinamtazama.
Wanawake wa onyesho la Jumatano wakapiga ukunga:
"Si tulimwambia!"
Na kweli walimwambia, tangu kopo la pili,
asimfungulie yule bwana wa kofia.

Sheria ilikuwa stelingi hafi.
Basi huyu ni stelingi, au ni adui?
Ngamiani iligawanyika, barabara kwa barabara,
na muuza kahawa wa Barabara ya Nane
akamnyima kikombe mtu aliyesema adui.

Baba yangu, Semkiwa, alikuwa juu, kwenye tundu la mashine,
akisogeza vijiti vya makaa vikaribiane bila kugusana.
"Kama wachumba," alisema. "Wakigusana tu, giza."

Mwaka uliofuata Dilora akafufuka.
Akarudi ana miaka arobaini, mjane wa mtu wa bima,
anavuta sigara kama anayehesabu madeni.
Kisha thelathini na tatu, nyusi moja juu,
akamdanganya polisi, akamdanganya mume,
na mvua ikinyesha katika kila picha
kana kwamba kwao hakujawahi kuanikwa nguo.

Mama yangu, Mwanasiti, hakuzungumzia sinema nyumbani.
Ila saa kumi, jua likipenya mbao za dirisha la Chumbageni,
nilimkuta amesimama pale pale penye milia ya mwanga,
ushungi umeachia jicho moja,
penseli ya hesabu ya baba katikati ya vidole viwili.
Aligeuka taratibu mno.
Akaniuliza kama nimeleta nazi.

Kadiri tulivyokua, yeye alipungua umri.
Kaka aliota ndevu, Dilora akapoteza mikunjo ya shingo.
Nilipovunja ungo, yeye hakuwa tena mjane, hakuwa hata mke.
Na jina lake kwenye matangazo ya ukutani likashuka:
juu ya jina la picha,
chini yake,
kisha pembeni kabisa, herufi za mchanga,
jirani na jina la mpiga chapa.
Vibarua wa mkonge waliokuja Jumamosi, mikono imechanika,
walibishana: ni binti yake huyo. Siye, ni mdogo wake.
Mntambo mkata tiketi alidai kuna dawa amekunywa.
Baba tu ndiye aliyejua.
"Sisi ni mkia wa foleni," alisema,
"tunapewa kinachobaki mkononi."

Picha ya kumi na moja ilikuwa ya kwanza kuigizwa.
Msichana wa mapokezi, hoteli ya bei nafuu,
anainua simu, anasema, "Yuko nje, bwana,"
anaufuata mlango, haonekani tena.
Hakuna aliyemtambua. Watu walikuwa wakigombea viti.

Usiku ule, watu walipoondoka, baba akalirudisha kopo.
Tulikuwa watatu katika ukumbi wa viti mia nne.
Yuko nje, bwana.
Akarudisha tena. Yuko nje, bwana.
Mara ya tatu mama, ambaye Jumatano zote hakuwahi kupaza sauti,
akasema, kama unavyomsemesha mtoto aliyeshika kisu,
"Weka simu. Kaa. Usitoke."
Akatoka.

Ukumbi sasa ni ghala la saruji.
Sijui Dilora alikufa lini kwa hakika, sijauliza.
Nina kopo la biskuti la baba, vipande alivyokata filamu ilipokwaruzika,
na kimoja nakiinua dirishani saa kumi:
msichana, mkono juu ya simu,
mdomo haujafunguka bado.